Kufuli la Longbourn: Jinsi Komedi za Mapenzi za Leo Zinavyojengwa Juu ya Jane Austen

Katika sura ya 19 ya Pride and Prejudice, riwaya ya Jane Austen, kasisi Collins anamposa Elizabeth Bennet. Katikati ya posa anamkumbusha binti hesabu yake: fungu lake ni pauni 1,000, zimewekwa kwenye dhamana za serikali zenye faida ya asilimia 4, na hata hizo hatazishika mpaka mama yake afariki. Kisha anamhakikishia kwamba wakishaoana hatamsimanga kwa umaskini huo hata siku moja. Msomaji anacheka. Lakini ukipiga hesabu unapata pauni 40 kwa mwaka. Darcy, atakayemposa binti huyo huyo baadaye, ana pato la pauni 10,000 kwa mwaka, mara 250 ya hizo.

Kicheko na hesabu vimekaa kinywani mwa mtu mmoja, kwa pumzi moja. Riwaya nyingi za leo zinazojiegemeza kwa Austen huazima dansi, jumba kubwa na kijana mwenye kiburi, zikaziacha pauni 40 nyuma. Ndiyo maana nyingine hupendeza sura kumi za mwanzo, halafu huishiwa pumzi.

Kinachoazimwa

Riwaya yenyewe ilitoka London Januari 1813, bila jina la mwandishi, ikiwa imeuzwa moja kwa moja kwa mchapishaji kwa pauni 110. Watoto wake wa sasa ni wengi, na hawafanani. Bridget Jones's Diary ya Helen Fielding, ya 1996, ilianza kama safu ya gazeti la The Independent, na kwa Austen imechukua kidogo tu: wanaume wawili, hukumu ya haraka kwenye sherehe, na jina la Darcy. Eligible ya Curtis Sittenfeld, ya 2016, imechukua karibu familia nzima ya Bennet na kuihamishia Cincinnati, Marekani. Ayesha at Last ya Uzma Jalaluddin, ya 2018, iko kwa Waislamu wa Toronto wenye asili ya Asia Kusini. Unmarriageable ya Soniah Kamal, ya 2019, iko Pakistani, na mhusika wake mkuu ni mwalimu wa fasihi ya Kiingereza anayeifundisha riwaya hiyo hiyo anayoiishi.

Wahakiki wa Kiswahili hutumia istilahi ya mwingilianomatini kwa uhusiano wa namna hii, na istilahi inafaa, ila inaficha kazi ya mikono. Kuhamisha hadithi kunafanana na kuhama nyumba. Fanicha inaingia mlangoni bila shida. Kisima ndicho hakibebeki, lazima uchimbe kingine huko unakokwenda.

Wasomaji wetu wameshaonjeshwa ufundi huo. Mwalimu Nyerere alipoutafsiri mchezo wa Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venisi, mwaka 1969, alimpa msomaji kichwa cha Mabepari wa Venisi. Neno moja, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, na mchezo wa Kiingereza wa karne ya 16 ukawa umehamia mtaa mwingine. Ndani ya mchezo huo huo kuna Portia, ambaye ndoa yake imefungwa na wosia wa baba: atakayechagua kasha sahihi kati ya dhahabu, fedha na risasi ndiye mume. Kakatae uone. Komedi ya mapenzi ya Kiingereza tangu zamani huhitaji kufuli la namna hiyo, kitu kilicho nje ya mioyo ya wapenzi kinachofanya kosa la moyo liwe ghali.

Kufuli lenyewe

Kwa akina Bennet kufuli ni sheria ya mali. Shamba la Longbourn linaingiza pauni 2,000 kwa mwaka, lakini limefungwa kisheria lipite kwa warithi wa kiume peke yao. Mzee Bennet ana mabinti watano. Siku akifa, nyumba inakwenda kwa Collins, binamu wa mbali ambaye hawakuwahi hata kumwona kabla ya hadithi kuanza. Si wakfu, lakini msomaji wa Pwani anayejua shamba lisilouzika wala kugawika ataelewa mara moja: baba yupo, mali ipo, na watoto hawana chao.

Ukilifahamu hilo, mama yao anaacha kuwa mpiga kelele tu. Kila mtu humcheka Bi Bennet kwa kuhangaikia posa, na Austen mwenyewe anatuchekesha naye bila huruma. Lakini katika nyumba ile ni yeye peke yake anayetenda kama mtu aliyeielewa sheria. Charlotte Lucas, rafiki wa Elizabeth, ana miaka 27 na hana uzuri wala fungu. Anamkubali Collins siku chache baada ya Elizabeth kumkataa. Charlotte ni mwerevu, na anajua bei.

Sasa mhamishe Elizabeth kwenye jiji la leo. Ana shahada, ana kazi, ana akaunti ya benki. Akimkataa Collins, hasara yake nini? Hana. Na bila hasara, kumkataa si ushujaa, ni kukataa chai tu. Mwandishi anayehamisha hadithi hii anapaswa kujibu swali hilo kabla hajaandika sentensi ya kwanza: mhusika wangu anafungwa na nini?

Sittenfeld alijibu kwa bili za hospitali na umri. Baba amepata ugonjwa wa moyo, nyumba ya familia inaoza, deni la matibabu linakula kilichobaki, na mabinti wakubwa wawili wamerudi nyumbani kumwuguza. Jane, dada mkubwa, anakaribia miaka 40 na tayari ameanza kutafuta mimba kwa mbegu za mfadhili. Hilo kufuli lina meno. Nchini Marekani deni la hospitali huweza kuifilisi familia ya watu wa kawaida, na umri wa uzazi haungoji posa. Fielding alichagua jepesi zaidi: mwanamke wa London aliyevuka thelathini, na kila mwenye ndoa mezani anamuuliza lini. Halina nguvu ya sheria. Linafanya kazi kwa sababu Bridget mwenyewe amelimeza, na kila siku anajipima kwa uzito, sigara na vipimo vya pombe juu ya ukurasa wa shajara. Tarakimu zile ni pauni 40 zilizobadilishwa fedha.

Kamal na Jalaluddin walikuwa na kazi rahisi zaidi, na nasema hivyo kwa sifa. Walikwenda mahali ambapo posa bado ni jambo la ukoo, ambapo mashangazi wana kumbukumbu ndefu, na jina la binti mmoja likichafuka linawachafulia wadogo zake. Hapo Austen hahitaji kunyooshwa sana. Khalid wa Jalaluddin anavaa kanzu, anafuga ndevu, na anaamini kwa dhati kwamba mama yake atamchagulia mke. Ayesha anamhukumu kwa ndevu kama Elizabeth alivyomhukumu Darcy kwa kununa. Msomaji wa Mombasa au Zanzibar, au aliye Muscat, atazisoma riwaya hizi mbili bila kuhitaji maelezo ya chini ya ukurasa.

Mifupa

Pride and Prejudice ina sura 61. Darcy anaposa kwa mara ya kwanza na kukataliwa katika sura ya 34, yaani asilimia 56 ya safari. Habari za Lydia, mdogo wa mwisho, kutoroka na Wickham, afisa mwenye sura nzuri, zinafika sura ya 46: asilimia 75. Posa ya pili iko sura ya 58. Anayeandika komedi ya mapenzi ya maneno 90,000 leo, urefu wa kawaida wa riwaya hizi, akifuata vipimo hivyo atakuwa na pigo kubwa la kwanza kwenye neno la 50,000 hivi na la pili karibu na 68,000. Hivyo ndivyo wahariri wa riwaya za mapenzi wanavyotaka hata leo, mvunjiko mkuu kwenye robo ya mwisho. Austen hakusoma kanuni zao. Sehemu kubwa ya kanuni hizo imetokana na watu kumsoma yeye.

Kosa la kawaida ni kuyaunganisha mapigo mawili yawe moja. Kwa Austen posa iliyokataliwa inabadilisha akili za wapenzi; kutoroka kwa Lydia kunabadilisha hali zao. Kati yake kuna sura za utulivu, ikiwemo safari ya Pemberley, jumba la Darcy, katika sura ya 43, ambako Elizabeth anamsikia mtunza nyumba akimsifu Darcy na anaanza kuona haya. Ukiyabana mapigo mawili kwenye wiki moja, mapenzi hayapati mahali pa kukua.

Mashtaka mawili

Tuisogelee sura ya 34, kwa sababu ndiyo inayoigwa zaidi na ndiyo inayoharibiwa zaidi. Darcy anaingia, anasema anampenda, kisha anaeleza kwa kirefu jinsi familia ya binti ilivyo aibu kwake. Elizabeth anamjibu kwa mashtaka mawili makubwa. La kwanza: amemtenganisha Jane, dada yake Elizabeth, na mpenzi wake Bingley, rafiki wa Darcy. La pili: amemdhulumu Wickham riziki yake. La kwanza ni kweli. La pili ni uongo mtupu.

Huo uwiano ndio injini. Darcy ana hatia nusu, Elizabeth amekosea nusu, na kila mmoja ana la kujifunza. Waandishi wengi wa leo humpa msichana haki yote, pengine kwa kuogopa kumdhalilisha, na mwanamume akabaki kuwa mkorofi anayengoja kuadibiwa. Hapo komedi inakufa. Elizabeth anachekesha kwa sababu ni mwerevu aliyejivunia werevu wake na akadanganywa na sura nzuri.

Na kudanganywa huko kumewekwa hadharani. Sura ya 16, mara ya kwanza wanapoketi kuzungumza, Wickham anamwaga siri zake zote za familia kwa mtu ambaye hamjui. Anajigamba kwamba hatamkwepa Darcy; dansi ya Netherfield, nyumbani kwa Bingley, inafika, haonekani. Msomaji ameyaona yote hayo na, kama Elizabeth, ameyapita. Sura ya 36, akiwa na barua ya utetezi ya Darcy mkononi, binti anarudi kwenye ushahidi ule ule na kushangaa hakuuona. Sura 20 zimepita. Mwandishi anayeficha ushahidi ili amshangaze msomaji mwishoni anaandika hadithi ya upelelezi. Hapa ushahidi unaachwa mezani, na msomaji anafanywa asitake kuuangalia.

Ndipo inakuja simu, adui mkubwa wa komedi hizi. Wickham wa leo angefichuliwa kwa dakika mbili za kutafuta jina lake kwenye intaneti. Tiba Austen aliiacha wazi. Darcy hawezi kujitetea mbele za watu kwa sababu ukweli una mwenyewe: Wickham alijaribu kumtorosha Georgiana, dada yake Darcy, akiwa na miaka 15 na fungu la pauni 30,000. Kusema ni kumwanika binti. Siri inayoweza kusimama leo ni ya aina hiyo hiyo, iliyo mali ya mtu wa tatu asiye na kinga. Uongo unaokanushwa na ujumbe mmoja wa WhatsApp hauwezi kubeba sura 20, na msomaji anayewapigia kelele wahusika waongee tu ana haki.

Barua nayo. Darcy anamkabidhi mkononi njiani, kwa kuwa mwanamume na mwanamke wasiochumbiana hawakuandikiana kwa posta. Ni karatasi mbili zilizojazwa kwa mwandiko wa kubanana, hata bahasha imeandikwa. Elizabeth anatembea na maneno yale kwa saa mbili. Nguvu yake ni kwamba haikatizwi. Hawezi kumjibu mstari kwa mstari, lazima amsikilize mpaka mwisho. Ukiigeuza iwe mazungumzo ya simu umempa nafasi ya kubisha, na mwenye kubisha hasikii. Barua pepe ndefu inafaa. Ujumbe wa sauti wa dakika kumi na mbili ungefaa pia, tena una kichekesho chake.

Lydia asiyeharibika

Mwaka 1813 msichana wa miaka 16 kuishi na mwanamume bila ndoa kulikuwa kifo cha heshima ya nyumba nzima. Ndiyo maana Darcy anatoa fedha: madeni ya Wickham yanayozidi pauni 1,000, nyingine 1,000 kwa Lydia, na gharama ya kumnunulia Wickham cheo jeshini. London ya 1996 hakuna jirani ambaye angeinua hata nyusi. Fielding alitatua kwa ujanja ninaoupenda kuliko wote: Lydia wake ni mama. Mama yake Bridget, mwenye ndoa na mpenda mambo, anaondoka na mwanamume wa Kireno ambaye anageuka kuwa tapeli wa akiba za marafiki. Aibu imekuwa kesi ya wizi, na Mark Darcy, ambaye ni wakili, ana sababu ya kazi ya kuingilia. Sittenfeld alimgawa Wickham kati ya watu wawili, mmoja wa kumdanganya Liz, Elizabeth wake, na mwingine wa kumtorosha Lydia, na huyu wa pili akatoka mtu mwema kuliko wanavyodhani. Inashangaza vizuri, ila inampunguzia Darcy uzito wa tendo lake: kama hakuna hatari ya kweli, anamwokoa nani?

Sauti

Sentensi ya kwanza ya Pride and Prejudice inatangaza kwamba dunia nzima inajua kapera mwenye mali lazima anatafuta mke. Maana yake ni kinyume: wenye mabinti ndio wanaomtafuta. Hicho ni kinaya, na msimulizi anakishika juzuu zote tatu za riwaya bila kutabasamu. Huingia kichwani mwa mhusika, akasema mawazo yake kana kwamba ni ukweli, akatuacha tugundue kosa wenyewe.

Ukibadili nafsi ya msimulizi, chombo hicho kinapotea, na lazima utafute mbadala. Shajara ya Bridget inafaa kwa sababu anaandika asichokielewa: anaapa saa mbili asubuhi, anavunja saa nne, na msomaji ndiye anayeshika kinaya. Mtindo unaopendwa sasa wa kubadilishana sura, moja ya mwanamke na moja ya mwanamume, una gharama. Ukishajua Darcy anawaza nini, kununa kwake hakuna fumbo. Jalaluddin anautumia na anaponea kwa sababu Khalid naye anamdhania Ayesha kuwa mtu mwingine, hivyo hata kichwani mwake hatupati ukweli. Asiye na kosa la namna hiyo la kumpa mwanamume heri abaki upande mmoja.

Jambo dogo linalowaumbua wengi: Darcy kutoka bwawani na shati limelowa haliko kitabuni. Ni la tamthilia ya BBC ya 1995, aliyoigiza Colin Firth. Riwaya ya Austen ni mali ya kila mtu, kwa kuwa alifariki 1817 na haki za Uingereza hudumu miaka 70 baada ya kifo. Vilivyobuniwa na tamthilia au na riwaya za juzi vina wenyewe. Fielding alilikwepa kwa kuliingiza wazi: Bridget anaitazama tamthilia hiyo, na mapema anacheka kwamba ni upuuzi mtu kuitwa Darcy akasimama kando ya sherehe na kununa.

Riwaya nyingine za Kiingereza hazihamishiki kirahisi namna hii. Katika Emma, ya Austen pia, Emma ana miaka 21 na Knightley, atakayemwoa, 37 au 38. Wengi hupunguza pengo hilo, kisha hushangaa kwa nini makaripio ya Knightley yamepoteza uzito. Persuasion, nayo ya Austen, inadai miaka minane ya ukimya kati ya wapenzi, jambo gumu kuliamini kwa watu wenye simu, labda wote wawili wawe na sababu ya kuona aibu. Jane Eyre ya Charlotte Brontë ina mke aliyefungiwa juu ya dari. Waliojaribu kuifanya ichekeshe walilazimika kumtoa yule mke, na akitoka, hadithi inamfuata.

Kuhusu mwisho, wasomaji wa leo hudai busu na sura ya nyongeza yenye harusi. Austen katika sura ya 58 hatupi hata maneno ya Elizabeth ya kukubali. Anasema tu kwamba alimwelewesha Darcy kuwa moyo wake umebadilika. Halafu anaandika sura tatu zaidi, na watu wanaozipuuza hukosa kichekesho cha mwisho. Katika sura ya 61 Lydia anaandika barua ya pongezi, akiomba Darcy amtafutie mumewe nafasi kwenye jumba la mfalme yenye pauni 300 au 400 kwa mwaka. Elizabeth anamjibu hapana. Kisha, kutoka kwenye matumizi yake mwenyewe anayoyabana, anaanza kumtumia dada yake hela kidogo kidogo.